Prosesa Inapokataa Agizo: Mwongozo wa Kutibu Linux Uliyoijenga Mwenyewe

"Illegal instruction." Maneno mawili tu, bila maelezo, ndiyo hujitokeza kwenye skrini baada ya mtu kukesha akijenga Linux kutoka kwa msimbo wake, akachomoa diski, akaitia kwenye kompyuta ya zamani na kuiwasha. Wengi wakifika hapo hufuta kila kitu na kuanza upya. Ni kupoteza siku nzima, maana wakirudia hatua zile zile watapata jibu lile lile. Ujumbe huo una maana moja mahususi: programu imeipa prosesa agizo ambalo haikuundwa kulielewa. Kazi iliyobaki ni kujua ni programu ipi, ni agizo lipi, na lilipenyaje humo.

Kompyuta za aina hiyo hazikosekani Isiolo, kama zisivyokosekana katika miji mingi ya Kenya. Ziko kwenye maabara za shule, kwenye saiba na kwenye ofisi ndogo ndogo. Nyingi ziliingia nchini zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Shirika la Computer for Schools Kenya limekuwa likisambaza kompyuta zilizokarabatiwa mashuleni tangu mwaka 2002, na biashara ya mashine za mtumba imeongeza nyingine chungu nzima. Ndiyo maana katika chumba kimoja unaweza kukuta Pentium 4 imekaa kando ya Core 2 Duo, kasha moja likifanana na jingine kana kwamba ni pacha, kumbe ndani ni vizazi viwili visivyozungumza lugha moja.

Mifumo mikubwa nayo imezipa kisogo. Red Hat Enterprise Linux 9, iliyotoka 2022, inadai prosesa yenye kiwango cha x86-64-v2, na Core 2 Duo haikifikii. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386. Anayetaka mfumo wa kisasa kwenye mashine hizi hujikuta akiujenga mwenyewe, ama kwa Gentoo ama kwa kufuata kitabu cha Linux From Scratch kilichoanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999. Njia hiyo ni halali na inafaa. Ila ina mtego mmoja mkubwa: mashine inayojenga si lazima iwe mashine itakayotumia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, ijue prosesa yako. Kibandiko cha nje si ushahidi. Jina "Pentium" limebandikwa juu ya prosesa za vizazi vingi visivyofanana hata kidogo. Washa mashine kwa CD ya kuokolea, kisha andika `cat /proc/cpuinfo` na usome mstari unaoanza na neno "flags". Ukiona `cmov`, prosesa ina agizo lililokuja na Pentium Pro mwaka 1995. `sse` ilikuja na Pentium III mwaka 1999, `sse2` na Pentium 4 mwaka 2000. `lm` maana yake mashine inaweza kuendesha mfumo wa biti 64. `ssse3` ni ya Core 2 ya mwaka 2006, na `sse4_2` pamoja na `popcnt`, kwa upande wa Intel, zilikuja zote mbili na kizazi cha Nehalem mwaka 2008. Usihukumu kwa umri peke yake: AMD K6 ilitoka 1997 bila `cmov`, na Athlon XP, mshindani wa Pentium 4, ina `sse` lakini haina `sse2`. Nakili mstari huo mzima kwenye karatasi na uibandike ndani ya kasha. Utauhitaji tena na tena.

CD ya kuokolea yenyewe ichaguliwe kwa makini. Debian 12 ya i386 inatosha kwa Pentium 4 na nyingi za baada yake. Prosesa isiyo na `cmov` inahitaji kurudi nyuma hadi Debian 8, kwa sababu Debian 9, iliyotoka 2017, iliziacha. Pakua nakala hizo mapema na uziweke, maana kuzitafuta kwa bando la simu wakati mashine imeshagoma ni gharama na ni kuchelewa. Tena kompyuta nyingi za enzi ya Pentium III hazijui kuwaka kwa flashi, kwa hiyo CD tupu bado zina kazi.

Sasa turudi kwenye mashine iliyogoma. Programu ikifa, usiangalie maneno tu. Andika `echo $?` papo hapo usome namba. Mia na thelathini na mbili, yaani 132, ni agizo lisilojulikana. 139 ni programu kugusa kumbukumbu isiyo yake. 137 ni programu kuuawa kwa nguvu, na wakati wa kujenga vifurushi vikubwa muuaji huwa kerneli yenyewe baada ya RAM kwisha. Namba hizi tatu zinaelekeza pande tatu tofauti kabisa, na fundi anayezichanganya atabadilisha RAM nzima bila sababu.

Ikiwa ni 132, uliza kerneli. Amri ya `dmesg | grep traps` hutoa mstari wenye jina la programu iliyokufa, maneno "trap invalid opcode", na mwishoni jina la faili ambamo agizo lile lilikuwa. Jina hilo la mwisho ndilo la kuzingatia. Mara nyingi programu iliyokufa si yenye kosa; ilikuwa ikitumia maktaba iliyojengwa vibaya. Ukitaka uhakika, endesha programu hiyo ndani ya `gdb`, na ikisimama andika `x/i $pc`. Utaonyeshwa agizo lenyewe lililokataliwa, kwa jina lake.

Hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wazoefu hulifanya. Wanafungua maktaba kwa `objdump -d`, wanaona maagizo ya AVX yaliyokuja na prosesa za Intel za mwaka 2011, wanaamua maktaba hiyo ndiyo mkosaji. Si lazima. Glibc, kwa mfano, hubeba makusudi namna kadhaa za kazi moja na kuchagua inayofaa wakati wa kuwaka. Agizo geni kuwemo ndani ya faili si kosa. Kosa ni agizo hilo kutekelezwa. Ndiyo sababu ushahidi wa `gdb` unazidi ule wa `objdump`.

Mkosaji anayepatikana mara nyingi kuliko wote ni GMP, maktaba ya hesabu za namba kubwa. Inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ukiielewa hii umeelewa nusu ya matatizo yote. GMP inapojengwa huchunguza prosesa iliyopo wakati huo na kuchagua msimbo ulioandikwa kwa ajili yake hasa. Hata usipoandika `-march` popote, yenyewe itajichagulia. Ukiijenga kwenye kompyuta ya mkononi ya miaka hii, itaweka maagizo kama `mulx`, ambayo Core 2 Duo haijapata kuyasikia. Kisha GCC yenyewe inategemea GMP. Matokeo yake, mfumo unawaka vizuri, unaingia, unaorodhesha faili, kila kitu ni shwari, mpaka siku unapojaribu kujenga kitu na kompaila inakufa. Katika mifumo mingi hata `expr` ya coreutils imeunganishwa na GMP, na hati nyingi za `configure` huitumia `expr`, kwa hiyo zinaanguka kwa namna za ajabu zisizotaja hesabu hata kidogo.

Dawa ni fupi. Jenga GMP upya kwa `./configure --host=none-linux-gnu` pamoja na chaguo zako nyingine, na itatumia msimbo wa kawaida unaokubalika kote. Kitabu cha Linux From Scratch kinalitaja jambo hili, ila ni rahisi kulipita ukisoma kwa haraka. Ukijenga mfumo wa biti 32 juu ya prosesa yenye uwezo wa biti 64, tanguliza `ABI=32` kabla ya `./configure`. Kama kompaila ya mashine ya zamani ndiyo iliyokufa, huwezi kujengea humo humo. Irudishe diski kwenye mashine iliyojenga, ingia kwa `chroot`, jenga GMP peke yake, uisakinishe juu ya ile ya kwanza. Mfumo uliobaki hauhitaji kuguswa.

Libffi ina tabia hiyo hiyo, na yake hurekebishwa kwa `--with-gcc-arch=` ikifuatwa na jina la prosesa utakayoitumia.

Baada ya hizo mbili, kagua chaguo zako mwenyewe. Kama kwenye `make.conf` ya Gentoo au kwenye `CFLAGS` kuna `-march=native`, umeiambia kompaila ijengee mashine iliyo mbele yake. Badilisha. Kwa Core 2 Duo weka `-march=core2`; kwa Pentium III weka `-march=pentium3`. Kwa maabara yenye mchanganyiko, chagua prosesa dhaifu kuliko zote na ujengee hiyo: `-march=i686 -mtune=generic` inatosha kwa karibu kila kitu kuanzia Pentium Pro. Wapo watakaosema kasi inapotea. Kwa kazi za shule, yaani kuandika barua, majedwali na kusoma, tofauti hiyo haionekani, ilhali kutunza mifumo miwili mitatu tofauti kwa chumba kimoja ni mzigo utakaomlemea mwalimu aliyeachiwa maabara.

Ipo kesi moja ambapo hata `i686` haitoshi, nayo inaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Kompyuta ndogo za XO-1 za mradi wa One Laptop per Child, zilizogawiwa kwa wingi Rwanda, zina prosesa ya AMD Geode LX yenye kasi ya megahezi 433 na RAM ya megabaiti 256. Geode LX ina `cmov`, kwa hiyo hujiita i686, lakini haitambui agizo refu la "kutofanya lolote" ambalo prosesa nyingine za kundi lake zinalo. Kompaila za Ubuntu tangu toleo la 19.10 huweka alama ya `endbr32` mwanzoni mwa kazi nyingi kama kinga ya usalama, na alama hiyo iko katika familia ya agizo hilo hilo. Prosesa nyingine huipita bila kujali, Geode husimama. Ukiona `endbr32` kwenye `gdb`, ongeza `-fcf-protection=none` na ujenge upya kuanzia glibc.

Mtego mwingine unatokana na `uname -m`. Ukijenga mfumo wa biti 32 ukiwa juu ya kerneli ya biti 64, amri hiyo itajibu `x86_64`, na hati za vifurushi zitaamini. Fungua kikao chako cha kujenga kwa `setarch i686` ili jibu liwe sahihi tangu mwanzo. Dalili ya aliyesahau ni ujumbe wa "Exec format error". Unaofanana nao, na unaochanganya zaidi, ni mfumo kukwambia "No such file or directory" kuhusu faili unayoiona kwa macho yako. Inayokosekana si faili hiyo, ni kipakiaji chake. Andika `readelf -l` na jina la programu, tafuta neno "interpreter", kisha hakikisha njia iliyotajwa hapo ipo kweli.

Mashine ikifa kabla hujaingia, soma mistari ya mwisho ya kerneli. Ipige picha kwa simu kama inapita haraka. "This kernel requires an x86-64 CPU" inajieleza. Ikitaja `pae` au `cmov`, rudi kwenye mpangilio wa kerneli, kwenye "Processor family", uchague familia sahihi, na uzime PAE kama prosesa haina. Pentium M za mwanzo zina PAE lakini hazitangazi. Hizo huongezewa neno `forcepae` kwenye mstari wa kuwashia.

"Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)" humaanisha kerneli haikuiona diski kabisa. Kwenye bodi nyingi za Intel za zamani kinachokosekana ni dereva ya `ata_piix`, au `ahci` kwa zile za baadaye, na inapaswa iwe ndani ya kerneli yenyewe ikiwa hutumii initramfs. Kama mabano yana namba nyingine, mathalani (8,1), diski imeonekana. Ama aina ya mfumo wa faili haikujengwa ndani, ama umeielekeza kwenye kizigeu kisicho chake. Anayefuata maelezo ya zamani yenye `/dev/hda` ajue kwamba dereva za kale za IDE ziliondolewa katika Linux 5.14 mwaka 2021, na diski hizo hizo sasa huitwa `/dev/sda`.

Halafu kuna "Attempted to kill init!" Wengi huogopa ukubwa wa maneno na kuikosa namba iliyo mwishoni. `exitcode=0x00000004` ni agizo lisilojulikana tena, safari hii ndani ya init au glibc. `0x0000000b` ni kugusa kumbukumbu isiyo yake. Ya kwanza inatibiwa kama ilivyoelezwa juu. Ya pili inaweza kuwa ya msimbo, au ya mashine yenyewe.

Namna ya kutofautisha ni nyepesi. Kompaila ikifa kwa "internal compiler error" au "Segmentation fault", andika `make` tena bila kubadilisha chochote. Ikifia mahali pale pale, tafuta kosa kwenye msimbo au chaguo zako. Ikipita hapo na kufia mbele, kisha mahali pengine tena, usiupe msimbo lawama, mashine inaumwa. Endesha Memtest86+ usiku mzima. Fungua kasha upulize vumbi, na Isiolo vumbi halikosi kisingizio, hasa msimu wa kiangazi upepo unapovuma. Pentium 4 za mwisho zilikuwa zikitoa joto kubwa, nyingine zaidi ya wati 80, na kujenga GCC ni kuitumikisha prosesa bila kupumzika kwa saa nyingi. Toa bati la kupozea, pangusa krimu iliyokauka, paka mpya nyembamba. Ukiweza, jenga usiku.

Ukiwa ndani ya kasha, tazama pia vile vipipa vidogo vya kapasita karibu na prosesa. Vichwa vyake viwe bapa. Vikiwa vimevimba au vinavuja, hakuna chaguo la kompaila litakalokusaidia. Ubovu huo ulikumba bodi nyingi duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha bodi zenye kasoro hiyo, zikiwemo za OptiPlex GX270. Mashine za kizazi hicho ndizo zilizokuja kuuzwa kama mtumba. Fundi wa redio mwenye chuma cha kulehemu anaweza kubadilisha kapasita hizo, mradi volti na mikrofaradi zilingane, badala ya kusubiri bodi nyingine kutoka Nairobi, karibu kilomita 280 za barabara.

Betri ya saa, ile bapa ya CR2032, huzua hitilafu zisizofanana na betri hata kidogo. Ikifa, mashine huamka ikiamini ni mwaka uliopita kitambo. `configure` italalamika "newly created file is older than distributed files", `make` itaonya "Clock skew detected", na upakuaji utakataa vyeti vya usalama vya tovuti. Weka tarehe kwa `date -s`, ihifadhi kwa `hwclock --systohc`, futa saraka ya kifurushi ulichokuwa ukikijenga na ukifungue upya. Kisha nunua betri.

Stima nayo. Ijumaa usiku, 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na kukatika kudogo kudogo ni jambo linalojulikana na kila mkazi. Stima ikipotea katikati ya kujenga, faili zilizokuwa zikiandikwa huweza kubaki tupu. Ukirudi na kuandika `make`, itaziona zipo, itazipita, kisha mwishoni kiunganishi kitasema "file not recognized". Andika `find . -name '*.o' -size 0 -delete` na uendelee. Kama kilichokuwa kikiendelea ni `make install` ya glibc, usijaribu kuunga. Rudisha nakala uliyoihifadhi. Kwa hiyo ihifadhi kwa `tar` kabla ya kila hatua kubwa, na uiweke kwenye diski nyingine.

Ile namba 137 imebaki. `dmesg` itaandika "Out of memory: Killed process", mara nyingi ikitaja `cc1plus`. Kwa mashine ya megabaiti 512, tumia `make -j1`, ondoa `-pipe`, ongeza faili ya swapu ya gigabaiti mbili, na uache kazi iende polepole. Bora zaidi, vifurushi vikubwa vijengwe kwenye mashine yenye nguvu kwa chaguo sahihi za `-march`, kisha vihamishwe.

Kuna programu ambazo hazitakubali hata ufanye yote haya. Firefox kwenye Linux inadai SSE2 tangu toleo la 53 la mwaka 2017. Rust kwa jina la `i686-unknown-linux-gnu` inadai SSE2 pia, kwa hiyo kila kifurushi chenye Rust ndani, librsvg kikiwa kimojawapo, kitakufa kwenye Pentium III na Athlon XP. Tumia lengo la `i586-unknown-linux-gnu` au toleo la zamani la kifurushi hicho. Go tangu 1.16 imeacha prosesa zisizo na SSE2, ila `GO386=softfloat` inazirejesha kwa mwendo wa kobe. Kwa Pentium 4 na kuendelea, sharti hilo la SSE2 halitakuzuia.

Na kabla ya kubeba diski kuvuka mji hadi shuleni, ijaribu kwanza mezani: `qemu-system-i386 -cpu pentium3 -m 512` na jina la taswira ya diski. QEMU haikagui kila agizo, na si kigezo cha kutegemea kwa Geode, lakini SSE2 iliyopenya inaikamata. Mfumo ukiwaka ndani yake, jenga programu ndogo ya C ili kuijaribu GCC na GMP kwa pamoja, endesha `expr 2 + 2`, na usome `dmesg` kutafuta neno "traps". Lisipokuwepo, zima, chomoa, upeleke.